Lori la Jinja
Leo saa kumi na moja alfajiri nimemkuta Mzee mlangoni, vifungo vya shati vimepishana, anauliza lori la Jinja limefika wapi. Jeshi la Uganda aliliacha 1979! Zamani ningembishia: "Baba, hapa ni Bombo, vita viliisha." Angepandwa hasira mpaka alie. Siku hizi nasema, "Afande, lori limechelewa, tunywe chai kwanza." Akaketi. Kikombe cha pili, lori limeshasahaulika.

Daktari alitueleza kwamba Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, huanza na za karibuni, za zamani zikachelewa kuondoka. Ndiyo maana jina langu linampotea, lakini namba yake ya jeshi anaitaja bila kukwama, tena kwa Kiswahili cha kambini. Dawa zinapunguza makali kidogo tu, haziponyi. (Na majirani mnaonong'ona kuwa karogwa, nimechoka nanyi.)

Shughuli yenyewe ni jioni. Jua likizama anataka "kurudi nyumbani", naye yuko nyumbani. Geti nalitia kufuli, ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga.

Leo alfajiri, aliponirudishia kikombe akaniuliza taratibu, "Binti, mama yako anajua uko huku?"

Mama tulimzika 2014. Nikamjibu, "Anajua, Baba."