Saa ya Uswisi iliyokuwa ikikimbia, na dawa ya elfu thelathini

Saa yangu ni ya Uswisi, ya kujijaza yenyewe, na kawaida yake ni kuwahi sekunde nne au tano kwa siku. Wiki moja ya Julai ikaanza kuwahi dakika 11 kwa siku. Fundi wa kwanza, hapa hapa Mwanjelwa, hata hakuifungua: "Bosi, baridi ya Mbeya imegandisha mafuta. Niache niioshe." Laki nne na ushee. Wa pili alitaka kuisukuma ile pini ya kurekebishia iliyoandikwa + na −, na huyo ndiye aliyeniudhi zaidi.

Mafuta yakizeeka, saa huchoka taratibu kwa miezi, na ukiivua inasimama kabla ya kumaliza yale masaa 40 inayotakiwa kwenda ikiwa imejaa. Kukimbia kwa ghafla ni kingine: springi nyembamba kama unywele, inayoongoza gurudumu la mwendo wa saa, imenasa sumaku, mizunguko yake inashikana, inakuwa kama imefupishwa, na gurudumu linacheza haraka. Saa ikidondoka pia springi inaweza kujipanda hivyo, kwa hiyo pima kwanza.

Tafuta dira ya sindano, siyo ya simu, simu yenyewe ina sumaku. Zungusha saa polepole kando yake. Chuma chochote huvuta sindano kidogo, usishtuke. Upande mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma, jibu umelipata. Ya kwangu ilisukuma sindano kwa kiburi. Chanzo kilikuwa spika: kila usiku nilikuwa nailaza saa juu yake! Saa iliyofaulu ISO 764, kipimo cha kimataifa cha saa kustahimili sumaku, huvumilia kama gausi 60 tu (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Omega walitoa ya gausi 15,000 mwaka 2013, ila yangu si ya ukoo huo.

Nikaagiza Kariakoo kile kiboksi cha bluu cha kutolea sumaku, kama elfu thelathini na nauli ya basi. Kazi ya sekunde tano, nikaiharibu mara mbili. Ndani yake kuna koili, na umeme wa nyumbani huigeuza sumaku yake mara 100 kwa sekunde. Sumaku ya saa inatoka ikiwa unaiondoa saa polepole huku sumaku ya koili bado inageuka. Mimi nikaweka saa, nikabonyeza, nikaachia, nikatabasamu. Kesho yake ikawahi dakika 19.

Mara ya pili nilijua. Kitufe nimekibana, saa inapanda taratibu, sentimita moja, mbili, na umeme ukakatika. Umeme kukatika pale ni sawasawa na kuachia kitufe. Nikabaki gizani na saa ya mamilioni inayotikatika kama cherehani.

Mara ya tatu nikafanya mchana. Bana, inua hadi mkono unyooke, ndipo uachie. Usizidishe sekunde kumi, koili inachemka. Geuza saa upande wa pili, rudia. Sindano ikatulia.

Halafu nikaijaza kwa mkono, mizunguko kama thelathini, nikailinganisha na mlio wa redio wa saa mbili usiku kwa siku tatu. (Tarehe msiiguse kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, meno ya kalenda yameshashikana.) Inawahi sekunde tano, cheti chenyewe cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu kuchelewa 4 au kuwahi 6 kwa siku. Ile pini ingesukumwa, sumaku ilipotoka saa ingechelewa vibaya, na ningerudi kwa fundi yuleyule kumlipa airudishe.