Siku moja maishani mwangu: maji ya Nairobi, maji ya Lamu

Saa kumi na robo alfajiri. Mwenzangu wa chumba ananitikisa mguu. "Amka, yamekuja." Hasemi nini kimekuja, wala hana haja. Hapa Ngara tunapopanga, maji ya mfereji huja mara tatu kwa wiki, usiku wa manane, na ukilala umeyakosa. Tunashuka ghorofa nne na mitungi yetu ya lita 20. Foleni imeshafika getini. Yeye ni wa Kitui, kwao huchimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yachuruzike. Mimi ni wa Lamu, na maji ya mji wetu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Sote tumelelewa na maji ya mchangani. Tunapopanda ngazi, hadondoshi hata tone, nami vilevile.

Saa kumi na mbili kasorobo. Nimeshaswali, nafua. Wiki yangu ya kwanza mjini nilipaka sabuni kama nilivyozoea nyumbani, povu likafurika beseni likamwagika sakafuni. Kwetu Langoni maji ya kisima hula sabuni: utasugua mpaka vidole viume, na utakachopata ni utando mweupe juu ya maji. Nilimpigia mamangu. Akasema sabuni za Nairobi ndizo nzuri. Nikamwambia, mama, huu ni mche uleule ulionifungia wewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ndiye msomi, nenda ukatafute."

Saa moja na nusu. Natembea Kipande Road kuelekea Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi ninakosoma, sweta mbili mwilini. Julai hapa, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, ni baridi niliyokuwa sijawahi kuiwaza. Jina lenyewe la mji ni la Kimaasai, "enkare nairobi", maji baridi, na kwenye maji hayo ndipo wajenzi wa reli walipoweka kambi mwaka 1899. Karibu na Museum Hill navuka mto uliobeba jina hilo. Mweusi, unanuka, mifuko ya plastiki imenasa kwenye mizizi. Siwezi kuuzoea. Kila asubuhi nauangalia na kila asubuhi moyo unaniuma.

Saa mbili hadi saa sita, maabara. Leo tunapima ugumu wa maji, yaani kiasi cha kalisi na magnesi yaliyomo. Nachota mililita 50 za maji ya bomba, natia dawa ya kutuliza pH, kisha kiashiria, unga wa kuonyesha kwa rangi, kidogo tu, ncha ya kijiko. Maji yanageuka mekundu kama rosela. Juu kuna bureti, mrija wa kioo wenye alama za mililita, na ndani yake EDTA, kemikali inayokamata kalisi na magnesi: maji yakiwa magumu zaidi, huitaji zaidi. Nafungua koki, tone, tone, huku mkono wa pili ukizungusha chupa. Wekundu unaelekea zambarau. Nazuia pumzi. Tone moja linaning'inia kwenye ncha, linaanguka, na chupa nzima inakuwa buluu safi, hamna hata chembe ya wekundu.

Mililita 2.2 tu za EDTA. Maji laini. Yanatoka milima ya Aberdare, mvua iliyotiririka juu ya ardhi na kuingia mabwawani bila kukaa sana kwenye mawe yenye chokaa. Ya kwetu yamelala kwenye mchanga na matumbawe miaka, yakayeyusha kalisi, na kalisi ndiyo inayoikamata sabuni na kuigeuza ule utando. Jibu la mamangu liko mkononi mwangu, ndani ya chupa ya kioo.

Namweleza fundi wa maabara. "Mwalimu, ya kwetu yangekunywa bureti yote." Anacheka. "Usiseme yangekunywa, binti. Yalete tuyapime."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kuniambia. Mara ya kwanza, wiki mbili zilizopita, nilimpigia kaka yangu siku hiyohiyo.

Saa saba. Chapo mbili na madondo kwa mama wa kibanda, anayeniita "kastoma wa Pwani" na kunizidishia mchuzi. Halafu mihadhara miwili, na maktaba mpaka macho yachoke.

Saa kumi na mbili jioni. Katikati ya mji, ofisi ya mabasi. Watu wanasukumana, makanga wanaita Rongai, Githurai, Kangemi. Namtajia karani jina langu, ananipa kifurushi kilichoanza safari kwa boti hadi Mokowe, kikapanda basi. Kimefungwa kwa kanga kuukuu ya mama. Ndani mna halwa, mkate wa mofa uliokauka kidogo, na chupa ya soda ya nusu lita iliyojaa maji, kifuniko kimezungushiwa mkanda wa gundi mara tatu.

Saa nne usiku. Mwenzangu ameinyanyua chupa kwenye taa, anaizungusha. "Haya ndiyo mnakunywa?" Namwambia ya kunywa ni ya Shela, haya ni ya kisima cha uani. Nachukua kipande cha plasta na kalamu, nabandika ubavuni: Langoni, Lamu, kisima cha nyumbani. Naiweka dirishani, mbali na mitungi, asije mtu akayachanganya.