Mtu Mmoja Aliyepungua

Tarehe 3 Januari 2008, saa moja jioni, nilisimama ukutani katika ukumbi wa shule moja ya msingi huko Iowa, daftari mkononi. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma somo la kampeni na uchaguzi wa Marekani, na mhadhiri wetu alitupa kazi moja tu ya likizo: nendeni kwenye kokasi (mkutano wa mtaa ambapo wafuasi wa chama huchagua nani awe mgombea wao wa urais), msiseme neno, andikeni mtakachokiona. Wenzangu wengi walikuwa makwao. Mimi sikuwa na nauli ya kurudi Eldoret, Kenya, na hata ningekuwa nayo, wiki ile watu walikuwa wakikimbia Eldoret kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Siku mbili kabla, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa watu wakiwa ndani. Mama yangu alikuwa Langas, mtaa wa Eldoret.

Kanuni niliijua kwa moyo. Kundi la mgombea lisipofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria, lilivunjwa, na watu wake walihamia kwingine. Lakini kitabuni sikuwa nimeona kwamba kwa Wademokrati (wafuasi wa chama cha Democratic) wa Iowa hapakuwa na karatasi ya siri. Ulikwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wako, na jirani, mwalimu wa mwanao na mwenye duka wote walikuona.

Waliojiandikisha mlangoni walikuwa 212, kwa hiyo kila kundi lilihitaji watu 32. Kuhesabu kulikuwa hivi: wote wananyanyua mikono, wa kwanza anasema “moja” na kushusha mkono, wa pili “mbili”, mpaka mwisho wa kona. Obama 81. Edwards 54. Richardson 17, Biden 11. Clinton 48.

Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akajumlisha kwa kalamu kwenye kipande cha katoni. 211.

Akaomba warudie. 211 tena.

Nilidhani ataendelea. Obama aliongoza kwa mbali, na mtu mmoja asingebadilisha chochote. Lakini yule mama akaweka kalamu chini, akasema hatuendi popote mpaka huyo mtu apatikane. Watu zaidi ya mia mbili, makoti mazito mikononi, wakangoja. Hakuna aliyenung'unika, na hilo ndilo nililolipigia mstari daftarini. Hatimaye akapatikana kwenye korido, mama kijana ameketi juu ya benchi la watoto, ananyonyesha. Akaja na mtoto kifuani, akasimama upande wa Clinton, akasema “arobaini na tisa.”

Macho yalinijaa machozi, nikageukia ukuta. Kwetu tulipiga kura tarehe 27 Desemba. Matokeo yakatangazwa tarehe 30 jioni, rais akaapishwa jioni hiyo hiyo, na tangu hapo watu walikuwa wanakufa.

Baada ya hapo watu wa Richardson na Biden, ambao hata wangeungana wasingefika 32, walibembelezwa na kila kona. Mzee mmoja wa Biden aliwasikiliza wote kwa adabu, akamwuliza kila mmoja kuhusu bima ya matibabu, kisha akaenda kwa Edwards. Usiku huo Obama alishinda jimbo zima, na Biden akajitoa.

Nilipofika bwenini nilikwangua kadi ya simu ya dola 5. Kwetu kulikuwa kunapambazuka. Mama alipokea kwa kunong'ona. Nikamsimulia habari ya yule mama wa korido.

“Wote wakamngoja?”

“Wote, Mama.”

“Na hesabu ilikuwa mbele ya watu?”

“Mbele ya watu.”

Akanyamaza. Nikamwuliza kwa nini ananong'ona. Akasema sebuleni kumelala wageni, majirani waliokimbia usiku. Nikamwuliza ni wangapi. Nikasikia mlango ukilia taratibu, kisha sauti yake, chini kabisa, akiwapitia mmoja mmoja pale sakafuni: moja, mbili, tatu, nne.