Tendaguru kwa miguu, maji juu ya baiskeli

Ukiwaambia watu wa Lindi kwamba umetoka Tendaguru, swali la kwanza ni moja tu: "Umemwona mjusi?" Mjusi huyo ni dinosaria, na hayupo. Mifupa yake iko Berlin, Ujerumani, kwenye jumba la makumbusho, ambako alisimamishwa mwaka 1937, na leo kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 juu ya sakafu. Huku kwetu kimebaki kilima, mashimo ya zamani yaliyomezwa na vichaka, na miamba yenyewe. Nilikuwa na hamu na hiyo miamba, na nilitaka nifike kwa miguu, maana hata yule mjusi alitoka kwa miguu ya watu.

Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimbisha pale mifupa ya tani zipatazo 230. Gari hakuna, reli hakuna. Wapagazi waliibeba kichwani, na vipande vikubwa wakavining'iniza kwenye miti mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi, kisha wakageuza kufuata mingine. Vita ya Majimaji ilikuwa imekwisha juzijuzi tu. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Kwa maoni yangu hao ndio wa kusimuliwa kwanza, mjusi baadaye.

Kutoka Lindi mjini hadi kilimani ni kama kilomita 60 kuelekea kaskazini magharibi, ukipima kwa rula kwenye ramani. Njia ya miguu haijui rula. Inazunguka mashamba ya mikorosho, inashuka kwenye makorongo, inapotelea kwenye majani na kuibukia kwenye uwanja wa mpira wa kijiji. Kwa hiyo sikuipanga safari kwa kilomita. Niliipanga kwa vijiji, yaani wapi pana kisima na wapi tutalala.

Hema ni jambo dogo, barua ndiyo kubwa. Nilitafuta barua ya utambulisho mapema, na kila kijiji tulichoingia tulianza ofisini kwa mtendaji, tukasaini kitabu cha wageni, tukamsalimu mwenyekiti. Mtu mwenye shanta mgongoni anayekatiza mashamba ya watu bila kujitambulisha huonekana mwizi wa korosho au mtafuta madini, na hapo safari huishia. Tukishajitambulisha tulipewa uwanja wa kulala, mahali pa kuchota maji, na mara nyingi sahani ya ugali wa muhogo na kisamvu kabla hatujafungua mizigo. Binamu yangu, tuliyekuwa pamoja, alikwishaanza kusema tungeliacha sufuria nyumbani.

Shida ya njia hii ni maji. Tulikwenda kiangazi, na kiangazi cha huku mito mingi ni mchanga mtupu. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Mtu akitembea juani anahitaji lita nne au tano kwa siku bila kuhesabu za kupikia, na kule juu tulitaka kulala zaidi ya usiku mmoja. Nilikuwa nimeshakata mzigo mpaka mswaki: chandarua, shuka, hema jepesi, mchele kidogo, dagaa, karanga, chumvi, vidonge vya kutibu maji. Bado hesabu ilikataa.

Aliyeimaliza ni mzee wa upande wa kijiji cha Mipingo aliyekubali kutuongoza. Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitika, kisha akaliangalia shanta langu kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Mwanangu, maji hayabebwi mgongoni. Yanapanda baiskeli."

Akaitoa baiskeli yake, ile ya chuma yenye keria pana. Alilaza kwenye keria miti miwili, akafunga madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, kwa kamba alizochana kwenye mpira wa tairi. Alizivuta mpaka zikalia. Mdomo wa kila dumu aliuziba kwa kipande cha nailoni kabla ya kukaza kifuniko, ili maji yasimwagike kwenye mabonde. Halafu hakuipanda. Aliikokota njia nzima, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika keria, na kwenye makorongo tuliinyanyua watatu. Tulipofika hakuna tone lililopotea.

Mwendo wake ulikuwa wa kuondoka alfajiri, kutua kivulini saa tano, kuendelea saa tisa. Kabla ya jua kuzama lazima tuwe tumekwishapika na kuzima moto kwa mchanga, kwa sababu majani makavu yakishika hayaulizi. Alikagua pia nyayo, maana tembo hupita huku. Chakula cha mchana kilikuwa ming'oko, mizizi ya porini, tuliyochemshiwa kijijini na kuipakia na chumvi yake. Kwa safari za namna hii sijaona kinachoishinda: inashibisha na haihitaji moto wa pili.

Kilima chenyewe, niseme ukweli, si cha kupigia picha za kujisifu. Hakuna majabali yanayotisha kama yale ya Masasi. Uzuri wake uko chini, kwenye kingo za makorongo, ambako miamba imejipanga kwa matabaka: matabaka yenye mifupa ya nchi kavu, na katikati yake mawe ya mchanga yenye makombe ya baharini. Bahari ilikuja ikarudi, zaidi ya mara moja, miaka kama milioni 150 iliyopita. Mjomba aliinama akatuonyesha kipande cha kijivu kisichozidi kiganja. Kwa nje ni jiwe. Pale kilipovunjika palikuwa na vitundu vidogo vidogo kama mkate wa kumimina, na ndivyo anavyotofautisha mfupa na kokoto. Tulikiacha palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu hivi, na yeye mwenyewe hakutaka mchezo na hilo.

Kurudi tulitembea sehemu tu, kisha tukachukua bodaboda hadi barabara kuu.

Anayetaka kwenda asubiri majani yakauke, na chandarua asikiache hata akiambiwa kiangazi hakuna mbu: William Cutler, aliyeongoza uchimbaji wa Waingereza, alifia Lindi kwa malaria mwaka 1925. Nguo za bluu na nyeusi pia ziachwe nyumbani. Mbung'o wanazifuata, na shati la binamu yangu lilikuwa la bluu.