Siku moja na jeli ambayo karibu yote ni maji

Nikisema ni mwanakemia, watu hudhani nachanganya vitu vinavyolipuka. Ukweli ni kwamba mshahara wangu hapa Glasgow unatokana na kusubiri maji yagande bila kuyaweka kwenye friji.

Saa 2 asubuhi. Kabla ya chai, nasawazisha kipima pH (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) kwa bafa, yaani vimiminika vyenye pH inayojulikana, za 4, 7 na 10. Inachosha, lakini ukiruka hatua hii siku nzima imeharibika.

Saa 3. Napima peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino. Hii ni fupi sana: asidi amino mbili za fenilalanini, na kichwani kundi zito liitwalo Fmoc. Unga wenyewe ni mweupe, mwepesi, na kwa sababu ya umeme tuli unarukia glavu badala ya kuingia kichupani. Naweka miligramu 5 kwa kila mililita ya maji, kisha hidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo mpaka pH ipite 10. Molekuli zinapata chaji hasi, zinasukumana, unga unapotea majini.

Saa 4. Hapa ndipo penye kazi. Ili zijipange zenyewe, lazima chaji ile iondoke, yaani pH ishuke. "Dokta, si tumwage asidi tu?" anauliza mwanafunzi wangu. Namwonyesha vichupa viwili vya jana. Kilichotiwa asidi kali kimejaa mabonge meupe, kwa sababu peptidi iliganda pale pale kila tone lilipoangukia. Cha pili kiko angavu, ukikipindua hakimwagiki. Hicho kilipata GdL, unga ambao watengenezaji wa tofu, ile "jibini" ya soya, wanaujua vizuri: unayeyuka kwanza, halafu unageuka asidi polepole, kila mahali kwa pamoja. Chaji ikiisha, pete za fenilalanini zinazokimbia maji hukumbatiana, vifungo vya hidrojeni vinazishika, na nyuzi nyembamba za nanomita chache zinafuma wavu unaoteka maji yote.

Unga ni ule ule, kiasi kile kile, hata pH ya mwisho inaweza kuwa ile ile, lakini jeli ni mbili tofauti. Ndiyo maana makala zinazoandika "tulitengeneza jeli" na kuishia hapo zinaniudhi. Mliitengenezaje, jamani?

Saa 7 mchana. Chakula, na simu ya nyumbani, Tanga. Shikamoo, marahaba, kisha swali la kawaida: "Mwanangu, hiyo jeli ni ya kupaka nywele?" Namweleza kwamba peptidi ya jamii hii, RADA16, tayari inatumiwa na madaktari wa upasuaji kuzuia damu. Anaridhika. Simwambii kwamba mwaka 2003 watafiti wa Tel Aviv walifika kwenye fenilalanini mbili hizi wakifuatilia protini inayojikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Hapo maswali yangeendelea hadi jioni.

Saa 8. Reometa. Mashine inaitikisa jeli ya jana kidogo sana na kupima inavyojibu: kiasi gani inarudi kama kitu kigumu, kiasi gani inatiririka. Namba ya ugumu imeizidi ya utiririkaji karibu mara kumi, kwa hiyo ni jeli kweli. Halafu tunaongeza mtikiso mpaka wavu ukatike. Kichupa kilichopinduliwa hakikuambii haya, ingawa picha yake hupendeza kwenye makala.

Saa 10. Barua pepe, kisha ombi la muda wa eksirei kwenye sinkrotroni ya Diamond, mashine kubwa ya kutoa eksirei kali, karibu na Oxford. Tunaitaka kwa sababu inaziona nyuzi zikiwa bado ndani ya maji. Hadubini ya kawaida ya elektroni hudai sampuli iliyokaushwa, na nyuzi zikikauka hushikamana. Unaweza kujikuta umepiga picha ya ukaukaji.

Saa 12 jioni. GdL ya asubuhi bado inafanya kazi, pH haijatulia. Kichupa kinalala mezani hadi kesho, kimeandikwa saa ya kuchanganywa, joto la chumba na jina la aliyechanganya. Mwanafunzi ameuliza kama joto la chumba lina maana. Nimempa kazi ya kesho: atengeneze vitatu, kila kimoja kwa joto lake.