Siku moja na skripti inayokufa mbele ya dibaga

Saa mbili asubuhi, Milimani, Kisumu. Niko mezani na skripti ya Python inayojumlisha kilo za samaki, omena na mbuta, kutoka boti za ufuo wa Dunga. Ukiiendesha peke yake inamaliza salama. Ukiiendesha ndani ya dibaga, yaani chombo cha kusimamisha programu katikati na kuichunguza, ikifika tu pale nilipoiambia isimame, inakufa: "Segmentation fault" (imegusa kumbukumbu isiyo yake), basi. Mwenzangu anasema dibaga ni mbovu, tuweke nyingine. Nakataa. Dibaga haitazami tu, nayo ina kazi inayofanya ndani ya programu, na ninataka kuijua.

Saa tatu na nusu naweka PYTHONFAULTHANDLER=1, swichi inayowasha moduli ya faulthandler ili Python ikifa iandike ilikuwa wapi, kisha naanza upya. Moduli hiyo imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3, na inasikitisha jinsi watu wanavyoisahau. Sasa skripti inakufa ikiwa imeacha ushahidi: `__repr__` (msimbo unaokieleza kitu kwa maandishi) ya Boti, `__repr__` ya Mzigo, ambayo ni madarasa, yaani aina za vitu, ndani ya skripti, kisha Boti, Mzigo, mpaka orodha inakatwa kwenye fremu, yaani wito, ya 100.

Kumbe! Dibaga ikisimama huonyesha vigeu pembeni, na ili kuvionyesha huita `__repr__` ya kila kimoja. Boti inaandika mizigo yake, na kila mzigo unaandika boti yake, bila mwisho. Skripti yenyewe haichapishi Boti popote, ndiyo maana ikiwa peke yake inapona.

Lakini Python ilipaswa kukatiza mzunguko huo karibu na wito wa 1000, kikomo chake cha kawaida, na kutoa kosa la RecursionError. Saa sita naikuta sababu juu kabisa ya faili: `sys.setrecursionlimit(1000000)`, inayopandisha kikomo hicho hadi milioni moja, ya aliyetutangulia. Katika toleo letu, 3.10, wito wa namna hii hula staki ya C, kumbukumbu inayohifadhi wito ambazo hazijaisha, na kwa kawaida Linux huipa MB 8 tu. Ikijaa, programu inauawa. Mstari huo unanikera kweli. Haukutibu kitu, ulizima king'ora.

Saa saba, ugali na mbuta.

Saa nane naufuta mstari huo kwanza. Dibaga haifi tena, inalalamika tu kwamba imeshindwa kuonyesha Boti. Kisha naubadilisha Mzigo uandike namba ya boti peke yake. Vigeu vyote vinaonekana.

Saa kumi dada wa mizani anapiga kutoka Dunga: "Kaka, jumla ziko tayari?" Namtumia.

Kabla ya kufunga naandika jaribio linaloita `repr()`, yaani `__repr__`, kwa kitu cha kila darasa. Darasa la Wavu nalo linaanguka. Kesho naanza nalo.