Ngoma bila ngoma

Mwaka jana nilipewa darasa la tatu niwaandae kucheza ngoma za asili siku ya kufunga shule, mwezi wa sita, hapa Mafinga. Watoto 43, ngoma mbili za kuazima, na mwalimu ambaye mwenyewe akicheza hutazama chini.

Nilianza vibaya. Niliandika ubaoni kabila, mkoa na vifaa, wakanakili, wakasahau. Kesho yake nikawaambia waje na majembe. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya kulima: mpigaji anafuatana na wakulima shambani, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Tukaijaribu kwenye bustani ya shule. Matuta yaliisha kabla ya kengele, na hakuna aliyeuliza tena bugobogobo ni nini.

Mganda, wa huku kusini pembezoni mwa Ziwa Nyasa, waliudaka siku hiyo hiyo. Niliwaambia tu kwamba watu waliona gwaride la askari wakati wa ukoloni wakaligeuza mchezo, ndiyo maana unachezwa kwa mistari.

Sindimba ya Wamakonde ikaniletea simu. "Mwalimu, mwanangu asije akakata kiuno mbele ya mchungaji." Nilimjibu mama yule kwamba mtoto wa miaka tisa kiuno cha kukata hana bado. Akacheka, yakaisha.

Tulipofika kwenye adumu, ile ya kuruka ya Wamaasai, kabinti kamoja kakanyoosha mkono. Ngoma zao ziko wapi? Nikasema hawapigi, mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia kwa sauti nzito ya kooni, na hiyo ndiyo inayowarusha.

"Kwa hiyo ni ngoma bila ngoma?"

Ndiyo, nikasema, sikuwa na la kuongeza.

Siku yenyewe ukungu ulikuwa haujapanda. Nilipogonga ngoma ikalia kama boksi tupu. Mlinzi wetu, mzee wa Kihehe, akatikisa kichwa. "Mwalimu, ngoma nayo inasikia baridi." Ngozi ilikuwa imevuta unyevu, imelegea. Akazipeleka jikoni kuziotesha moto, akinionya nisimharakishe, maana ngozi ikiungua inapasuka.

Wageni walishakaa. Nikawatanguliza Wamaasai wangu, yule mwuliza swali akiwa mwanzishaji. Waliruka karibu dakika kumi, vumbi hadi magotini, sauti zikaanza kukauka.

Ndipo kutoka jikoni ikasikika: ti! Wenye majembe wakajipanga bila kuambiwa.